Rwanda: Bustani ya jikoni hupangwa kabla ya kushika jembe

Katika vilima vya Rwanda, si ajabu kuona karibu na nyumba tuta la duara lililopandishwa kwa ngazi, likizungushiwa mawe au vijiti na kusheheni mboga. Wenyeji huliita akarima k'igikoni, yaani kishamba cha jikoni. Serikali imekuwa ikihimiza kila kaya iwe nacho, na mara nyingine matuta hayo hujengwa kwa pamoja katika umuganda, kazi ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Msisitizo huo unatokana na afya ya watoto. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019-2020 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kutoka asilimia 38 mwaka 2014-2015. Bustani peke yake haiondoi udumavu, kwani maradhi na maji machafu nayo yamo. Hata hivyo, mtoto anayelishwa viazi na muhogo siku nenda siku rudi huhitaji mboga ambazo si kila mzazi anamudu kuzinunua.

Anayeanza hukosea mara nyingi kwa kukimbilia jembe. Kwanza atazame jua: mboga nyingi zinahitaji mwanga wa saa sita hivi kwa siku. Mahali penye mikaratusi jirani hapafai, maana mizizi yake hunyonya maji yote. Bustani iwe karibu na jiko, kwa kuwa iliyo mbali husahaulika, na maji yaliyooshea mboga hayafiki huko.

Umbo la duara lina hekima yake. Tuta lenye upana wa mita 2 hivi chini hufikiwa na mkono pande zote bila kukanyagwa, na udongo usiokanyagwa hubaki laini. Ngazi nazo huongeza nafasi ya kupandia kwenye uwanja mdogo. Udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza vizuri. Iliyo mbichi huunguza miche. Ngazi ya juu hukauka upesi, hivyo hufaa vitunguu, ilhali mchicha na spinachi hustawi chini kunakobaki unyevu. Karoti zinataka udongo wenye kina, usio na mawe. Wigo usisahauliwe: kuku mmoja anatosha kumaliza kazi ya wiki nzima kwa asubuhi moja.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni kalenda. Mbegu zote zikipandwa siku moja, familia hula mchicha hadi kuuchoka, kisha hukaa bila kitu. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki nne hivi, kabichi na karoti huchukua takriban miezi mitatu. Afadhali kupanda mchicha kidogo kidogo, kila baada ya wiki mbili.

Jaribio kubwa huja Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, ambapo matuta mengi huachwa yafe. Matandazo ya nyasi kavu na umwagiliaji wa jioni huokoa sehemu yake. Wapangaji wa Kigali wasio na uwanja hutumia gunia lililojazwa udongo na kutobolewa ubavuni. Anapohama, mwenyewe huhama nalo.