Vumbi la Kasikeu: Ni mzio tu, au ni pumu?

Umeshuka matatu Sultan Hamud, ukapanda boda kwenda ushago Kasikeu. Kufika tu, chafya hazikatiki. Utaambiwa, "Ni vumbi tu, utazoea." Mara nyingi ni kweli. Lakini si kila mara, na kukosea hapa kunaweza kukugharimu uhai.

Mzio wa msimu husumbua hasa kiangazi vumbi linapotimka, au baada ya mvua nyasi zinapochanua na kumwaga chavua. Makao yake ni juu ya shingo: pua inawasha, makamasi ni mepesi kama maji, macho ni mekundu na yanakuna. Homa haipo.

Pumu makao yake ni kifuani. Njia za hewa huvimba na kubana. Kifua huwa kizito, pumzi fupi, na ukitoa hewa unasikia mluzi. Kikohozi huzidi usiku na alfajiri, au ukikimbia.

Shida ni kwamba hawa wawili hutembea pamoja. Wengi wenye pumu wana mzio wa pua pia, kwa hivyo chafya hazikuhakikishii kwamba kifua kiko salama.

Dawa nazo zinatofautiana. Setirizini hutuliza chafya, lakini haifungui kifua. Kuazima inhela ya bluu ya beshte pia si suluhisho: hufungua njia za hewa kwa saa chache tu, uvimbe ukabaki palepale. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA unashauri vijana na watu wazima wenye pumu wasitegemee inhela hiyo pekee.

Ufanye nini? Kwa wiki mbili, andika kwenye simu: dalili zilianza saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini. Mpelekee daktari rekodi hiyo na uombe kipimo cha kupuliza, kinachoonyesha jinsi mapafu yanavyotoa hewa.

Lakini ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi, usingoje kupambazuke. Tafuta gari, nenda hospitali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019. Vumbi utalizoea, kukosa pumzi, usikuzoee.