Akili unde yabisha hodi kwa wahudumu wa afya Kilolo, posho bado kitendawili

Hofu ya akili unde kuwanyang'anya watu kazi sasa imefika kwenye kada ambayo, kwa sehemu kubwa, haijawahi kuwa ajira. Hawa ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, au WAJA kama wanavyojulikana. Katika Wilaya ya Kilolo mkoani Iringa ndio wanaopita nyumba kwa nyumba, kuanzia kwenye joto la Ruaha Mbuyuni hadi kwenye baridi ya Dabaga na Boma la Ng'ombe. Warsha za mjini zinajadili kama simu itaweza kufanya kazi yao. Vijijini mjadala mkubwa zaidi ni nani atailipa kazi hiyo, na kwa muda gani.

Uzito wa kazi yenyewe haubishaniwi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta Mkoa wa Iringa ukiongoza nchi kwa udumavu, kwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Ule wa viashiria vya VVU wa 2022/23 ulionyesha maambukizi ya asilimia 11.1 kwa watu wazima wa Iringa, nyuma ya Mkoa wa Njombe. Haya yanatokea katika mkoa unaolisha miji kwa mahindi, viazi na nyanya za Ilula. Tatizo la namna hiyo halimalizwi na zahanati pekee. Linafuatwa nyumbani: mkono wa mtoto unapimwa kwa utepe wenye rangi tatu, kadi ya kliniki inakaguliwa kama kuna tarehe iliyorukwa, na aliyeacha dawa za kufubaza VVU anatafutwa hadi shambani bila majirani kujua anatafutiwa nini.

Serikali ilipozindua mpango jumuishi wa wahudumu hawa Januari 2024, namba iliyovuma ilikuwa 137,294. Hiyo ndiyo idadi inayotakiwa kufikiwa ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, baada ya mafunzo ya miezi sita, nusu darasani na nusu kazini. Gharama ilitajwa kuwa takriban Sh899 bilioni. Hadi leo ukimuuliza ofisa yeyote wa sekta hii kuhusu hali ya kada, jibu la kwanza huwa namba hiyohiyo, kana kwamba lengo likitajwa mara nyingi hugeuka kuwa watu.

Tuipige hesabu. Sh899 bilioni kwa wahudumu 137,294 ni kama Sh6.55 milioni kwa kila mmoja kwa miaka mitano, yaani Sh109,000 hivi kwa mwezi. Humo ndani kuna mafunzo, vifaa, usimamizi na posho. Ni kweli hawaingii kazini wote mwaka wa kwanza, hivyo mgawo kwa mwezi unaofanyiwa kazi unaweza kuwa mnono kiasi. Lakini kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma, kuanzia Julai 2025, ni Sh500,000. Hata ukiuzidisha mara mbili mgawo wa mhudumu, haufiki nusu ya hapo.

Mhudumu mmoja wa tarafa za milimani, aliyeomba jina lake lisiandikwe kwa sababu bado anategemea kuitwa kwenye mafunzo, anasema akili unde haimtishi hata kidogo, kwa kuwa simu waliyoletewa na mradi haikumpunguzia kazi, ilimwongezea. Anajaza rejista ya karatasi kwa sababu zahanati inaitaka, kisha anarudia yaleyale kwenye simu kwa sababu mradi unayataka. Mtandao ukigoma bondeni, anapanda mlima jioni ili taarifa ziondoke kabla mwezi haujafungwa. Bando likiisha ananunua kwa fedha yake. Simu ikipasuka kioo, hasara inaandikwa kwa jina lake.

Kubwa kwake ni jingine. Taarifa zikichelewa siku mbili, anapigiwa simu na watu watatu wa ngazi tofauti. Posho ikichelewa miezi, hakuna anayepiga. Anauliza kama hiyo akili inayosifiwa inaweza kufundishwa kugundua mhudumu ambaye hajalipwa, jinsi inavyofundishwa kugundua mjamzito aliyekosa kliniki. Wahudumu wengine waliozungumza na safu hii walicheka waliposikia swali hilo, kisha wakalirudia wao wenyewe.

Katika mazungumzo ya wilayani, mambo mengi huchanganywa na kuitwa akili unde. Programu inayomwongoza mhudumu swali kwa swali, kikohozi kina siku ngapi, mtoto ananyonya au hanyonyi, ni mwongozo uliohamishwa kutoka kitabuni kwenda kwenye kioo. Inafuata kanuni zilizoandikwa na watu. Haijifunzi chochote.

Akili unde yenyewe imeonekana kwingine. Picha za eksirei za kifua sasa husomwa na kompyuta kutafuta dalili za kifua kikuu, na mwongozo wa kimataifa uliiruhusu njia hiyo mwaka 2021 kwa watu wa kuanzia miaka 15. Mashine hiyo inapunguza kumsubiri mtaalamu wa kusoma picha, ambaye ni adimu. Lakini kila inayemshuku lazima atoe makohozi yapimwe, apate majibu, aanze dawa na asiache. Mtu wa kumfuatilia ni mhudumu yuleyule wa kitongoji, kwa hiyo hapo teknolojia inaongeza kazi ya miguu.

Zanzibar, ambako wahudumu wa kujitolea wametumia simu kwa miaka kadhaa, watafiti walizitumia kumbukumbu za wajawazito kuifundisha kompyuta kubashiri nani ana uwezekano mdogo wa kujifungulia kituoni, ili aanze kutembelewa yeye. Nairobi nako, jaribio la 2025 katika kliniki 15, lililohusisha mahudhurio ya wagonjwa karibu 40,000, liliripoti kwamba matabibu waliokuwa na msaidizi wa akili unde walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16. Ni matokeo ya kuheshimiwa. Lakini watengenezaji wa teknolojia hiyo walikuwa sehemu ya utafiti, na waliosaidiwa walikuwa matabibu wenye chumba, umeme na intaneti. Kutoka hapo hadi Udekwa, huku Kilolo, ni mbali.

Kauli rasmi ni kwamba teknolojia haitamwondoa mtu, itamsaidia. Huenda. Ila hakuna aliyeweka wazi kwamba msaada huo ukiokoa saa, saa hizo zitakuwa za nani. Orodha ya kompyuta ikionyesha kaya 40 za kufuatiliwa kati ya 120, meneja wa mradi anaweza kuamua mhudumu azitembelee hizo 40 vizuri zaidi. Anaweza pia kuamua kitongoji kinatosha mhudumu mmoja badala ya wawili. Kwa bajeti inayotegemea wafadhili kwa kiasi kikubwa, wengi tuliozungumza nao wanaiona njia ya pili kuwa karibu zaidi.

Waliopoteza vibarua hivi karibuni hawakuondolewa na kompyuta. Marekani ilipositisha misaada yake mapema mwaka 2025, kazi nyingi za jamii za VVU zilizoendeshwa kwa fedha hizo katika nchi za Afrika ziliyumba. Maumivu ya uamuzi wa namna hiyo huwa makali zaidi katika mikoa yenye maambukizi makubwa, ikiwamo ya Nyanda za Juu Kusini.

Historia nayo haitii moyo. Wahudumu wa afya wa vijiji wa miaka ya 1970 na 1980 waliachiwa vijiji viwalipe, na vijiji vingi vikashindwa. Katikati ya miaka ya 2010 vijana walisomea ukada huu kwa mwaka mzima na kupata vyeti, wakitarajia ajira ya serikali ambayo wengi wao hawakuiona. Kenya mwaka 2023 iliwapa wahudumu zaidi ya 100,000 simu na mikoba ya vifaa, na posho ya Sh5,000 za Kenya kwa mwezi inayochangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Simu zilifika. Mgawo wa kaunti umekuwa chanzo cha manung'uniko.

Upande wa soko, mwenye duka la dawa muhimu pale Ilula anaona mabadiliko kwa jicho la biashara. Wateja vijana, anasema, huja wakiwa wameshauliza simu na kutaja dawa kwa jina. Mhudumu wa jamii kwake ni mshindani kidogo, kwani hutoa bure baadhi ya anavyouza yeye, lakini pia ni mletaji wa wateja. Anachohofia ni simu kuwaelekeza watu dukani moja kwa moja bila kupimwa, kisha lawama zimrudie yeye. Programu moja ya kueleza dalili imekuwa ikipatikana kwa Kiswahili tangu 2019, hivyo hofu yake si ya kufikirika. Kwa mabibi na mababu wa vijiji vya juu, wanaoeleza maumivu kwa Kihehe, simu bado inahitaji mtu wa kukaa katikati.

Lipo pia suala la siri. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwenye karatasi ni kinga nzuri. Kitongojini, ambako kila mtu anajua simu ya mhudumu inatumika kwa nini, kuonekana ikifunguliwa mlangoni kwa jirani mara tatu kwa mwezi kunatosha kuzua maneno. Mhudumu akipoteza imani ya kaya, hakuna programu itakayomrudishia, na kompyuta itakosa taarifa za kujifunzia.

Mwelekeo basi haujatulia. Matumaini yapo: zana za Kiswahili zinaboreka, mtandao unapanda milima taratibu, na mhudumu mwenye zana nzuri anaweza hatimaye kudai cheo na mshahara. Lakini dalili zilizopo zinaelemea upande mwingine. Ni rahisi kwa mfadhili kununua simu mara moja kuliko kulipa posho kila mwezi kwa miaka kumi, na simu hupigwa picha siku ya makabidhiano. Kwa Kilolo, hati ya kusoma kwa makini ni bajeti ya halmashauri: kama posho ya WAJA ina kifungu chake kinachotoka kwenye mapato ya ndani, yale ya mbao na ushuru wa mazao, au bado imeandikwa chini ya mradi wenye tarehe ya mwisho. Kama ni hili la pili, mradi ukifika ukingoni, kauli kwamba sasa kuna akili unde itakuwa kisingizio rahisi cha kutowarudisha wahudumu kazini.