Mchungaji na Pesa za Mchafuzi

First Reformed, filamu ya mwelekezi Mmarekani Paul Schrader iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Venice mwaka 2017, inamfuata mchungaji anayeendelea kuhubiri ilhali imani inamponyoka. Ernst Toller, anayeigizwa na Ethan Hawke, alikuwa kasisi wa jeshi. Alimhimiza mwanawe ajiunge na jeshi, kijana akauawa Iraki, ndoa nayo ikavunjika. Sasa anaishi peke yake kwenye nyumba karibu tupu, anakunywa pombe, anakojoa damu, na usiku anaandika katika daftari ambalo amepanga kuliharibu mwaka ukiisha.

Kanisa lake, katika jimbo la New York, lina miaka 250 na waumini wa kuhesabika. Zamani liliwaficha watumwa waliotoroka. Siku hizi watalii wanaonyeshwa shimo lililo chini ya sakafu, kisha wananunua vitu vya ukumbusho. Kisauni, Mombasa, kuna historia inayokaribiana na hiyo. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na Church Missionary Society kuwa makazi ya watumwa walioachiliwa huru, na kengele iliyopigwa kuwatahadharisha wakazi dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Filamu inauliza kanisa lililowahi kuwakinga wanyonge lifanye nini leo, wakati hatari haiji tena kwa jahazi.

Jibu linaanza kutafutwa pale Mary, muumini mjamzito, anapomwomba Toller azungumze na mumewe. Michael ni mwanaharakati wa mazingira, na haoni haki ya kumleta mtoto katika dunia inayoharibiwa hivi. Mazungumzo yao ni marefu, watu wawili tu wameketi chumbani, na ndiyo sehemu bora ya filamu nzima: mchungaji ana majibu yote ya vitabuni, na hakuna hata moja linalotosha. Baadaye Michael anajipiga risasi. Toller anapopitia makaratasi ya marehemu, anatambua kwamba Edward Balq, tajiri anayegharimia sherehe za miaka 250, ni miongoni mwa wachafuzi wakubwa wa mazingira. Kanisa kubwa linalomsimamia Toller halitaki neno hilo litajwe. Mkono mtupu haulambwi, na wa Balq umejaa.

Kwa mkazi wa Changamwe, hofu ya Michael si jambo la kufikirika. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaachia wakazi sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyeongoza harakati dhidi yake, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliozua vuta nikuvute ya rufaa.

Mwendo wa filamu ni wa taratibu mno: kamera haitikisiki, picha ni nyembamba, muziki ni haba. Schrader alilelewa katika familia ya Kikalvini iliyokataza sinema, na mwaka 1972 alichapisha kitabu kuhusu waelekezi kama Robert Bresson. Daftari na maradhi ya tumbo ameyaazima waziwazi kwa Bresson, aliyetoa filamu ya padri wa kijijini mwaka 1951. Mtu anayejiua baada ya kukosa faraja ametoka kwa Ingmar Bergman, ambaye katika filamu yake ya 1963 alimweka mvuvi aliyehofia bomu la atomiki la Uchina. Lakini mchungaji wa Bergman anateswa na ukimya wa Mungu. Toller anateswa zaidi na ukimya wa makanisa.

Mwishoni utulivu huo unapasuka. Toller anavaa fulana ya mabomu iliyoachwa na Michael akikusudia kulipua ibada ya maadhimisho, kisha anamwona Mary akiingia kanisani. Anaivua, anajizungushia waya wenye miiba na kumimina sumu ya kuzibulia mabomba kwenye glasi ili ainywe. Mary anatokea, wanakumbatiana, filamu inakatika ghafla. Wako wanaoona ameokolewa, na wako wanaoona hiyo ni ndoto ya mtu anayekata roho; Schrader hakuamua. Mwaka 2019 hati yake ya filamu hii iliteuliwa kuwania Oscar, uteuzi wake wa kwanza, miaka 43 baada ya Taxi Driver aliyoiandika.