Joto Halifi, Linahama Tu

Mwezi wa Februari mwaka huu, jua la Nairobi lilipokuwa halina huruma, kaka yangu mkubwa anayefanya kazi Maskati alinipigia simu. Alikuwa amesikia kwamba mama yetu, mwenye umri wa miaka 78 na maradhi ya shinikizo la damu, hapumziki mchana wala halali mapema usiku kwa joto. "Huku hakuna anayeishi bila kiyoyozi," akaniambia. "Mnunulie mama kimoja, nitatuma fedha." Nani angekataa? Wiki haikupita, nikawa nashuka kwenye teksi pale Kaloleni na kiyoyozi cha magurudumu ndani ya sanduku, majirani wakichungulia kana kwamba nimeleta bibi arusi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu yaliyofuata yananiaibisha, na aibu ya mwalimu aghalabu huwafaa wanafunzi wake.

Mama alikuwa akilala katika chumba cha mabati kilichoongezwa nyuma ya nyumba ya mawe tuliyolelewa. Nilipotaka kuuwasha mtambo, nilikuta kwamba lile bomba nene linalotoka mgongoni mwake halipiti kwenye vyuma vya dirisha. Nikalilaza nyuma ya kabati, nikijiambia kwamba nitalishughulikia kesho. Upande wa mbele ulitoa upepo baridi wa kupendeza. Baada ya saa moja, chumba kilikuwa na joto kuliko uani. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeishi hapo na nyanya yake, alinitazama akauliza kwa heshima: "Mjomba, hilo joto tunaloliondoa linakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu lisilonihukumu. Kiyoyozi hakiui joto. Hulibeba kutoka mahali pamoja na kulitua pengine. Mathalan, mtambo unaotumia wati 1,200 za umeme waweza kuondoa chumbani takriban wati 3,000 za joto. Joto hilo, pamoja na zile wati 1,200 tunazozilipia, halina budi kutoka nje. Bomba likibaki ndani, kinachoondolewa mbele hurudishwa nyuma, kisha huongezeka wati 1,200 juu yake. Kwa ufupi, nilikuwa nimemnunulia mama hita ya bei ghali.

Kesho yake fundi alikata tundu ukutani, bomba likatoka nje. Nami nikaziba kila mwanya kwa matambara ili baridi isipotee. Chumba kikapoa kweli. Lakini siku ya tatu jioni, mpwa wangu alirudi kutoka shuleni akamkuta nyanya yake ameinama kitandani, kichwa kikimuuma, ana kizunguzungu na kichefuchefu. Jiko la makaa lilikuwa likiwaka kwenye ujia karibu na mlango.

Waama kiyoyozi cha bomba moja huvuta hewa ya chumbani na kuitupa nje. Pengo hilo halikai tupu. Hewa nyingine huingia kupitia upenyo wowote uliosalia. Upenyo uliosalia ulikuwa chini ya mlango, na hewa iliyoingia ilikuwa ya jiko, imebeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kijana alifungua mlango na dirisha, akamtoa mzee nje, kisha tukamkimbiza zahanati. Mama alipona. Lau mpwa wangu angechelewa njiani siku ile, leo ningekuwa naandika tanzia.

Tangu hapo nimeitazama nyumba yetu kwa macho mengine. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa na baraza la mji katika miaka ya 1940 kwa kuiga miji-bustani ya Kiingereza: nyumba za mawe zilizoezekwa kwa vigae, zimeachana, viwanja vya nyasi na miti baina yao, na ukumbi wa jamii katikati. Ulikuwa mtaa wa Waafrika katika mji wa ubaguzi, na sina haja ya kuupamba ukoloni. Hata hivyo, nyumba hizo ziliujua mji huu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hata katika Januari na Februari, penye kivuli pana nafuu, na usiku ukikomaa blanketi hutafutwa. Kuta nene, vigae na madirisha yanayotazamana vilitosha.

Ni nini basi kilichotuletea joto? Familia zilikua, nyumba zikabaki zile zile. Tukajaza ua kwa vyumba vya mabati, tukaziba madirisha yaliyokuwa yakipokea upepo. Nasema "tuka" kwa kuwa chumba kile nilikijenga mimi mwenyewe. Tulimhamishia mama humo ili mdogo wangu na watoto wake wanne wapate nafasi katika nyumba ya mawe. Yeye hakunung'unika. Tulimtoa penye ubaridi tukamweka penye tanuri, kisha tukachanga fedha za kununua mashine ya kumpoza!

Kaka yangu simlaumu. Maskati joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na hata usiku hauleti afueni. Kila chombo huzaliwa kwa haja ya mahali fulani. Willis Carrier alipobuni kiyoyozi cha kisasa mwaka 1902, alikuwa akikisaidia kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, Marekani, ambamo unyevu wa hewa ulikuwa ukiharibu karatasi. Kosa letu ni kuazima jibu kabla ya kulielewa swali.

Simkatazi mtu kununua. Wapo wagonjwa na wazee wanaokihitaji, na wapo ndugu zetu wa Mombasa wanaojua joto la kweli. Ila mnunuzi aulize kwanza: bomba litatokea wapi? Asiyekuwa na jibu asitoe fedha. Pili, apige hesabu ya stima. Wati 1,200 kwa saa tano kila siku, mtambo ukifanya kazi mfululizo, ni yuniti 180 kwa mwezi. Tukikisia kila yuniti kwa shilingi 30 pamoja na kodi, hizo ni shilingi 5,400. Feni ya wati 50 kwa saa hizo hizo hula yuniti saba na nusu tu. Tatu, atazame nyaya za nyumba yake. Mtambo huo huvuta ampea tano, na si busara kuuchomeka kwenye waya mmoja wa nyongeza pamoja na pasi na birika la umeme.

Nne, asidanganywe na mashine iitwayo kiyoyozi isiyokuwa na bomba. Hiyo ni kipoza hewa cha maji. Hupoza kwa kuyafanya maji yawe mvuke, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Hufaa katika ukavu wa Februari ya Nairobi, dirisha likiwa wazi, lakini katika unyevu wa pwani haina msaada mkubwa. Tano, chujio lioshwe mara kwa mara na maji yanayokusanyika yamwagwe. La mwisho, ambalo ningetamani liandikwe ubaoni: kiyoyozi cha aina hii hakileti hewa safi. Jiko la makaa na chumba kilichozibwa ni mauti, kiyoyozi kiwepo kisiwepo.

Sisi tulifanya nini? Tulikaa kikao cha familia, tukaona haya, tukamrudisha mama katika chumba chake cha zamani cha mawe. Wavulana wawili wakubwa wa mdogo wangu walihamia kwenye mabati, baada ya kuweka dari ya mbao nyembamba na kutoboa dirisha la pili mkabala wa lile la kwanza. Jiko lilipelekwa mbali na milango. Nilipomweleza kaka yangu yote kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe baridi ya mama mlikuwa mmeikalia."

Kiyoyozi sasa kimo katika maabara ya shule ninakofundisha. Wanafunzi huweka kipimajoto mbele ya mtambo na kingine mdomoni mwa bomba, kisha hujibu swali la mpwa wangu wenyewe. Nasi tulio watu wazima tungejiuliza swali lilo hilo kila tunapomwondolea mmoja wetu dhiki nyumbani: tumeiondoa, au tumemhamishia mwingine asiyelalamika?