Betri Isimdanganye Asiyeona

Siku hizi vipofu wengi wana chombo kidogo chenye kuwasomea kwa sauti. Wengine hutumia simu iliyowekewa sauti ya kusoma. Wengine wana mashine iliyoundwa kwa ajili yao hasa, kama Victor Reader Stream ya kampuni ya HumanWare ya Kanada, iliyotoka mwaka 2007. Kwa chombo cha namna hii kipofu husikiliza vitabu na masomo ya Dominika bila kumsumbua mtu, wala habari zake hazipiti mikononi mwa wengine.

Chombo hicho huishi kwa betri. Wewe unayeona hutazama alama kwenye kioo. Yeye hutegemea sauti tu: akiambiwa "asilimia thelathini", huamini na kushika njia. Je, kikinyamaza ghafla kabla hajafika? Kama ni simu, hata kuita msaada hawezi tena.

Sababu yake ni nini? Ndani mna kipimo kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama mwenye duka anavyoandika daftarini mwake. Kosa dogo leo, kosa dogo kesho. Mwisho daftari lasema yako magunia matatu ya sukari, kumbe limebaki moja. Dawa ni kuhesabu mali upya. Kadhalika kipimo cha betri hakina budi kujua tena mahali pa kujaa na mahali pa kwisha.

Basi, fanyeni hivi. Kwanza, chajini chombo mpaka kijae, kisha kiacheni saa moja au mbili zaidi. Pili, kichomoeni, kitumiwe kama kawaida mpaka kizime chenyewe. Chagueni siku ya kukaa nyumbani, si siku ya safari. Tatu, kichajini mara moja mpaka kijae tena, bila kukatiza. Mwenye umeme wa jua na aanze asubuhi: paneli ikae juani, lakini chombo kikae kivulini, maana joto huharibu betri.

Msifanye hivyo kila juma. Zamani betri za nikeli na kadimiamu zilifaa kumalizwa mara kwa mara. Lakini betri za ioni za lithiamu, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991, huchakaa upesi zikimalizwa kila mara. Yatosha kufanya hivyo chombo kinapoanza kuzima kabla ya wakati uliotajwa.

Jueni pia kwamba kazi hii hurudisha ukweli wa kipimo, hairudishi nguvu za betri iliyozeeka. Hiyo yapasa kubadilishwa. Na betri ikivimba, msiichaji tena wala msiitoboe. Yaweza kuwaka moto.

Wewe mzazi, au kijana mwenye macho mazima, usimnyang'anye kipofu chombo chake ukidhani wamsaidia. Mweleze, mwachie afanye mwenyewe, nawe umwangalizie waya na paneli. Kumwambia mwenzako ukweli ni wajibu wa kila Mkristo. Basi tuhakikishe kwamba hata chombo anachokitegemea chamwambia kweli.