Mita ya Pili ya Mama wa Scarborough

Jumamosi moja ya Februari, sisi wanaklabu sita tulipanda basi hadi Scarborough kumwamkia mama mmoja wa Mombasa ambaye hutualika chai kila muhula. Baada ya shikamoo na kuvua mabuti mlangoni, mmoja wetu aliuliza kwa nini paa lake lina theluji upande mmoja tu. Mama akacheka. Upande wa kusini, alisema, una paneli za sola, na theluji huteleza yenyewe jua likipiga kidogo. Akavaa koti, akatutoa nje kutuonyesha mita mbili ukutani. Moja inahesabu umeme anaonunua, ya pili inahesabu anaouza.

"Hii ya pili," alisema, "imenisaidia kumsomesha kaka yenu."

Tulidhani anatania. Kumbe alisaini mkataba mwaka 2011, na kwa kila uniti inayoshuka kutoka paani analipwa senti 80.2. Wakati ule jirani yake alikuwa akinunua uniti hiyohiyo kwa wastani wa chini ya senti 10, kabla ya gharama za kuisafirisha. Na mkataba ni wa miaka 20. Tulikaa mezani na mandazi yetu, tukapiga hesabu. Paneli za kilowati 5 hapa Toronto huzaa kama uniti 5,500 kwa mwaka au zaidi kidogo. Hizo ni zaidi ya dola 4,400 kila mwaka, kutoka kwenye paa ambalo nusu ya mwaka hatuthubutu kukaa chini yake bila jaketi.

Jua la Toronto halikuwa limebadilika mwaka ule. Kilichobadilika ni karatasi. Mei 2009, serikali ya jimbo chini ya Dalton McGuinty ilipitisha Sheria ya Nishati ya Kijani. Ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni makaa ya mawe: mwaka 2003 yalitoa kama robo ya umeme wa Ontario, na wakazi wa zamani wa mji huu wanakumbuka siku za kiangazi zenye moshi mzito hewani. Ya pili ni kazi. Viwanda vya magari vilikuwa vimeyumba baada ya mtikisiko wa 2008, na serikali ilitaka viwanda vipya. Kwa hiyo wenye paa waliahidiwa bei nzuri kwa miaka 20, lakini kwa sharti: kwa mradi mdogo kama wa mama, asilimia 60 ya thamani ya vifaa na kazi itoke Ontario.

Sharti lilifanya kazi, kwa muda. Viwanda vya kuunganisha paneli vilifunguliwa. Canadian Solar, kampuni iliyoanzishwa hapa Ontario mwaka 2001 na Shawn Qu, aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Toronto, ilikuwa na viwanda vyake China. Sasa ikafungua na kingine Guelph. Lakini Japani, na baadaye Umoja wa Ulaya, walishitaki mbele ya Shirika la Biashara Duniani kwamba Ontario inabagua bidhaa za wengine. Hukumu ya mwisho ilitoka Mei 2013, na Kanada ilishindwa. Sharti likaondolewa.

Huku nyuma, bei ya paneli duniani ilikuwa ikiporomoka kwa sababu ya viwanda vya China, na wanasiasa walikuwa wakiikimbiza kwa nyuma. Aliyesaini mkataba mwaka 2011 alipata senti 80.2, wa 2012 akapata 54.9, wa mwishoni mwa 2013, 39.6. Mwisho wa 2017 mlango wa mikataba midogo ukafungwa. Julai 2018 serikali mpya ya Doug Ford ilifuta miradi 758 ya nishati mbadala iliyokuwa bado haijajengwa, na kabla ya mwaka kwisha bunge la jimbo likapitisha kufutwa kwa sheria yenyewe ya 2009. Mama hakuguswa, maana paneli zake zilikuwa zinazalisha tayari. Fundi aliyemfungia, anasema, alihamia kazi ya kufunga viyoyozi.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na tunayaandika kama yalivyokuwa kwa sababu klabu yetu bado haijakubaliana. Mwenzetu mmoja amekulia katika nyumba ya kupanga ya chini ya ardhi, mitaa michache tu kutoka kwa mama. Kwao mashine ya kufulia iliwashwa usiku tu, bei ya umeme ikishuka. "Hizo senti 80," alisema kwa adabu lakini bila kucheka, "nani alikuwa anazilipa?" Zilitoka kwenye bili. Tofauti kati ya bei ya soko na bei iliyoahidiwa kwenye mikataba ilikuwa ikikusanywa kutoka kwa kila anayetumia umeme, na kwa wateja wa nyumbani ilichanganywa ndani ya bei ya uniti, hukuiona. Kwa haki, sola haikuwa peke yake: nyuklia na gesi nazo zinalipwa humohumo, na nyuklia ndiyo yenye fungu kubwa. Lakini hoja ya mwenzetu ilibaki palepale. Mwenye paa alipata mkataba. Mpangaji, asiye na paa, alisaidia kuulipa.

Mama hakukasirika. Alisema yeye alikopa benki na hakujua kama serikali itatimiza neno. Vilevile makaa yamekwisha: kituo cha mwisho, Thunder Bay, kiliacha kuyachoma Aprili 2014. Nyuklia ilichangia zaidi hapo kuliko sola, tulimkumbusha. Akasema haidhuru, moshi umekwenda.

(Jambo dogo kwa wapenzi wa lugha: watu wa hapa huiita bili ya umeme *hydro*, yaani maji, kwa sababu umeme wao ulianzia kwenye maporomoko ya Niagara. Mama huuza "maji" kutoka paani.)

Mwenzetu mwingine, anayetoka Siaya, alikuwa kimya muda wote. Alipoulizwa alisema kwao hakuna aliyelipwa kuweka sola. Watu waliilipia wenyewe, kidogo kidogo. Bibi yake alichukua paneli ya M-KOPA, kampuni iliyoanza kuuza Kenya mwaka 2012. Alitoa kianzio, halafu shilingi 40 au 50 kwa siku kwa M-Pesa, kiasi kilichokaribiana na kile kilichokuwa kikiteketea kwenye mafuta ya taa. Asipolipa, mfumo ulijizima. Serikali nayo ilikuwa na mkono wake humo, ila kwa njia ya kodi. Sheria ya VAT ya 2013 iliiweka sola kwenye kodi, 2014 ikaondolewa. Sheria ya Fedha ya 2020 ikairudisha; ile ya 2021 ikaiondoa tena. Kwa muuzaji mwenye kontena bandarini Mombasa, mwezi mmoja wa kuchelewa unaweza kuwa faida au hasara yake yote. Kwa bibi, ni siku za ziada za kulipa.

Mama alituuliza jirani yake wa sasa afanye nini, maana naye anataka paneli. Tulimweleza tulichojua. Leo anaweza kufungiwa mita ya kuhesabu pande mbili: umeme unaozidi unaingia kwenye gridi, naye anapata salio la bili linalodumu miezi 12, bila fedha mkononi. Au achukue ruzuku iliyotangazwa na jimbo Januari 2025, hadi dola 5,000 za paneli na hadi dola 5,000 za betri. Lakini ruzuku hiyo ilitangazwa kwa wasiouza kwenye gridi, kwa hiyo achague moja. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Na mimi 2031?" Mkataba wake unakwisha mwaka huo. Paneli bado zitakuwa zinafanya kazi, pengine kwa miaka mingine kumi. Hakuna kwenye karatasi zake kinachosema uniti zake zitakuwa na thamani gani siku inayofuata. Mwenzetu wa nyumba ya kupanga ndiye aliyeomba kuziona karatasi hizo, na walipokuwa wakizisoma wawili, kurasa mezani kati ya vikombe, sisi wengine tulikwenda kuosha vyombo.