East African Airways: mali tuliyoshindwa kuigawana

VC10 ya mwisho kutoka kiwandani ilikuwa ndege yetu. Ilisajiliwa Tanzania kwa herufi 5H-MOG, ikakabidhiwa kwa East African Airways mwaka 1970, na shirika lilipokufa mwaka 1977 ikarudi Uingereza ilikotengenezwa. Jeshi la Anga la nchi hiyo likaichukua pamoja na nyingine tatu za shirika hilohilo, likazigeuza kuwa ndege za kujaza mafuta ndege nyingine zikiwa angani, na likaitumia 5H-MOG ya zamani mpaka Septemba 2013. Ilipostaafu haikukatwa vyuma. Makumbusho ya Brooklands yaliihifadhi katika uwanja wa Dunsfold, kusini-magharibi mwa London, na wapenzi wa ndege wakawa wanafunga safari kwenda kusikia injini zake nne za Rolls-Royce zikinguruma.

Huko Ulaya na Marekani kumbukumbu za mashirika ya ndege yaliyokufa ni biashara kamili. Pan Am ilisimamisha safari Desemba 4, 1991, lakini mikoba yenye duara lake la buluu inauzwa mpaka leo, na jina lenyewe limepita mikononi mwa wamiliki kadhaa. TWA ilimezwa na American Airlines mwaka 2001. Jengo lake la abiria katika uwanja wa Kennedy, New York, lililochorwa na Eero Saarinen na kufunguliwa mwaka 1962, tangu Mei 2019 ni hoteli ya vyumba 512, na nje yake kuna ndege ya Constellation ya mwaka 1958 iliyogeuzwa kuwa baa. Mwaka 2019 huohuo British Airways ilipaka Boeing 747 yake rangi za BOAC, shirika lililokwisha kutoweka katika miaka ya 1970, na watu walijipanga pembeni mwa uwanja wa Heathrow kuipiga picha. Ukiacha hayo makubwa, kuna soko la vitu vidogovidogo: ratiba za zamani, vikombe, beji za marubani, vipande vya bodi ya ndege vilivyokatwa na kuchongwa kuwa vishikio vya funguo.

Afrika nayo imeanza kufufua majina. Uganda Airlines iliyofilisika mwaka 2001 ilirudi angani Agosti 2019, jina lilelile na korongo wake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianzisha Air Congo Desemba 2024 kwa ubia na Ethiopian Airlines, ikirudia jina lililotumika kuanzia 1961 hadi Mobutu alipoligeuza kuwa Air Zaïre. Waliofanya hivyo wanajua kwamba jina ambalo abiria analikumbuka halihitaji matangazo mengi.

Jina lenye thamani kubwa kuliko yote katika ukanda wetu, hata hivyo, halina anayeweza kulifufua peke yake. East African Airways ilianza Januari 1946 kwa ndege sita ndogo za Dragon Rapide, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Zikafuata Dakota, zikafuata Argonaut za kwenda London, na mwaka 1960 shirika likaingia katika zama za jeti kwa Comet. Fokker Friendship zilikuja 1962, Super VC10 ya kwanza 1966. Ndege ziligawanywa katika daftari za usajili za nchi tatu: nyingine 5H za Tanzania, nyingine 5X za Uganda, nyingine 5Y za Kenya. Nembo ilikuwa moja, simba. Chifu Abdallah Said Fundikira, waziri wa sheria wa Tanganyika huru, aliwahi kuwa mwenyekiti wa shirika hilo.

Waliosafiri nayo huanza kusimulia kwa Dakota, na wana sababu. Dakota ilikaa chini kwa gurudumu la mkia, kwa hiyo sakafu yake iliinama. Abiria aliingia kwa nyuma akapanda mlima kufika kiti cha mbele, akijivuta kwa migongo ya viti, na ndege ilipokamata kasi mkia ukanyanyuka, sakafu ikanyooka kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Ndege hizo zilipita pwani yote, Mombasa, Tanga, Pemba, Zanzibar, Dar es Salaam, zikitua na kuondoka siku nzima kama daladala. Tiketi ilikuwa kijitabu. Karani aliijaza kwa kalamu akikandamiza ili wino wa kaboni nyekundu ushuke hadi ukurasa wa mwisho, na katika kila kituo kuponi moja ilichanwa. Tiketi za karatasi zilifutwa rasmi na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, IATA, Juni 1, 2008, na ziko familia zinazotunza kijitabu cha mzazi katika sanduku moja na cheti cha ndoa.

Lakini tusijidanganye kuhusu enzi hizo. Nauli zilipangwa kwenye vikao vya IATA na hakuna shirika mwanachama lililoruhusiwa kuuza chini ya bei, ndiyo maana mashirika yalishindana kwa chakula na tabasamu. Mkulima wa Kagera au mvuvi wa Lamu aliziona ndege hizo zikipita juu yake tu. Usalama nao haukuwa wa leo. Aprili 18, 1972, Super VC10 yenye usajili wa 5X-UVA ilikanyaga kipande cha chuma ikiwa mbioni kuruka Addis Ababa. Tairi likapasuka, marubani wakajaribu kusimama, ndege ikatoka nje ya njia na kuwaka moto. Watu 43 walikufa.

Ninachokitetea katika kumbukumbu hii ni ukubwa wa shirika. Soko la nchi moja lisingeweza kulisha VC10. Nchi tatu kwa pamoja ziliweza, angalau kwa muda. Ndege hiyo ilibuniwa kwa viwanja vya joto vilivyo juu sana kama Embakasi cha Nairobi, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huilazimisha ndege nzito kupunguza mizigo au kutafuta njia ndefu ya kurukia. Kulikuwa na karakana moja Embakasi, ghala moja la vipuri, bima moja, na shule ya urubani ya Soroti, Uganda, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu. Gharama za namna hiyo hazipungui nusu ukipunguza ndege nusu, na mhasibu yeyote wa usafiri wa anga atakwambia hivyo.

Shirika liliuawa na siasa na fedha kwa pamoja. Baada ya Idi Amin kupindua serikali Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na kikao cha marais watatu, ambacho ndicho kilichokuwa na kauli ya mwisho juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo shirika lilikuwa chini yake, hakikuitishwa tena. Bei ya mafuta ikapaa kuanzia mwishoni mwa 1973, na VC10, yenye kiu kuliko Boeing 707, ikawa mzigo. Fedha za tiketi zilizouzwa Dar es Salaam na Kampala zilikwama huko badala ya kufika makao makuu. Kenya ikalalamika kwamba inabeba wenzake, Tanzania ikalalamika kwamba makao makuu, karakana na ajira nono vyote viko Nairobi. Nadhani malalamiko yote mawili yalikuwa ya haki. Mapema mwaka 1977 ndege zikasimama. Februari 4 Kenya Airways ikaruka kwa ndege za kukodi, Tanzania ikafunga mpaka, na Machi ikaundwa Air Tanzania.

Kugawana kulichukua miaka saba. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alizifikisha nchi tatu kwenye mkataba wa Mei 1984 uliotoa asilimia 42 ya mali ya Jumuiya kwa Kenya, 32 kwa Tanzania na 26 kwa Uganda. Karakana na majengo vilipata wenyewe. Waliosahaulika ni wafanyakazi. Kwa Tanzania, neno wastaafu wa Jumuiya lilikuja kumaanisha wazee waliopanga foleni, wakaenda mahakamani, wakaandamana Dar es Salaam kudai mafao ya kazi waliyoifanya kabla ya 1977. Wengi walizikwa kabla ya kulipwa. Fundi aliyefunga injini za VC10 usiku kucha ili ndege iwahi London alistahili zaidi ya hapo.

Sasa tazama warithi. Kenya Airways ilipata hasara ya shilingi bilioni 26.2 za Kenya katika mwaka ulioishia Machi 2016, na faida yake ya 2024, shilingi bilioni 5.4, ilikuwa ya kwanza katika zaidi ya miaka kumi. Mkaguzi Mkuu wa Tanzania aliripoti kuwa Air Tanzania ilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8 katika mwaka wa fedha 2023/24, sehemu yake ikitokana na Airbus A220 kukaa chini kwa matatizo ya injini. Hasara ya Uganda Airlines mwaka huohuo ilizidi shilingi bilioni 230 za Uganda. Haya ni mashirika matatu yanayogombea abiria walewale, kila moja likiwa na kundi dogo la ndege za aina tofauti. Injini zikiharibika Dar es Salaam, Nairobi haina cha kuazima.

Januari 2024 Kenya ilipoinyima ndege ya mizigo ya Air Tanzania haki ya kubeba shehena kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu, Tanzania ilijibu kwa kutangaza kuzuia safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Mzozo ulimalizwa ndani ya siku chache, kabla zuio halijaanza. Msafiri aliyekuwa na tiketi mkononi hakuwa na habari na kanuni za haki za anga. Alitaka kufika kazini Jumatatu.

Sipendekezi East African Airways irudi kama ilivyokuwa. Mambo yanayowezekana kesho asubuhi ni madogo zaidi: ghala la pamoja la vipuri kwa aina za ndege zinazofanana, mikataba ya kuuziana viti, na Soroti irejeshewe hadhi ya chuo cha kanda nzima. Pia kuna hili la kumbukumbu. Mwaka 2027 ni nusu karne tangu simba yule ashuke. Ndege hupakwa rangi upya kila baada ya miaka kadhaa kwa vyovyote vile, na mashirika yote matatu yana ndege zinazosubiri zamu. Moja ya kila shirika ipakwe rangi za East African Airways. Na kabla ya rangi, watumwe watu wenye vinasa sauti kwa mafundi, marubani na wahudumu waliobaki Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, kwa sababu mwajiriwa aliyekuwa na miaka 25 shirika lilipokufa sasa amevuka 70, na ratiba na picha alizozihifadhi chini ya kitanda zina wanunuzi Ulaya ambao hawatasubiri serikali zetu zikutane.